Posa Saba na Kikombe cha Kahawa

Tulipoachana juma lililopita nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia la chumbani, kwetu Kigombe, mkono mdomoni nisipige kelele, kwa sababu ya mtu aliyekuwa anavua viatu mlangoni pa sebule.

Kwa wewe unayeanza leo, pole, umekosa mengi, lakini nitakubeba. Mimi ni Hasina. Nimemaliza kidato cha sita na nataka kwenda nje ya nchi kusomea uhandisi wa mitambo ya ubaridi. Nimeandikia vyuo saba, katika nchi saba. Wa kunisomesha ni mmoja tu, Shangazi Chiku, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu nikinyonya kidole. Naye hana mgodi. Ana vyumba viwili anavyopangisha Ngamiani, mjini Tanga, basi.

Nilipomwonesha vile vyuo alisema, "Saba? Mimi nina uwezo wa kukupeleka mahali pamoja, mara moja. Na mahali penyewe huchagui wewe."

Na aliyekuwa anavua viatu ni Mzee Sabiri, mshenga. Kuanzia hapa Kigombe hadi Ushongo, ukiona ndoa imedumu, yeye ndiye aliyepeleka posa. Ukiona imevunjika, atakwambia hakuitwa.

Sasa semeni ninyi. Binti anangoja majibu ya vyuo, mara mshenga huyo sebuleni na kanzu iliyopigwa pasi. Mngefikiri nini? Mimi nilifikiri hicho hicho. Nikapitisha mguu mmoja dirishani.

"Hasina!" Shangazi akaita kutoka sebuleni. "Teremka dirishani uje usalimie mgeni."

Huyu mama ana macho kisogoni. Nikateremka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona una vumbi gaunini?"

"Nilikuwa nafanya usafi, babu."

"Vizuri. Kaa. Naambiwa una posa saba."

Sikukaa. "Sina posa hata moja! Na siolewi! Nikilazimishwa nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nitakwenda polisi, nitakwenda..."

Shangazi alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Nani kakwambia unaolewa? Nani atakayekuoa wewe, unayefungua friji za watu kwa kisu? Vyuo, mwanangu! Mzee kaja kwa ajili ya vyuo!"

"Vyuo vinamhusu nini mshenga?"

"Wewe nisikilize. Mabinti wangapi wa ukoo huu nimewaoza mimi? Wote huyu ndiye aliyewachagulia, na hakuna aliyerudi. Sasa chuo na mume vina tofauti gani? Vyote vinakutoa kwangu, vinakupeleka mbali, na vikikutesa ni kwangu utakaporudi kulia."

Nikapangusa lile vumbi gaunini, nikakaa. 

Mzee Sabiri hakuanza kazi. Alitaka kahawa kwanza. Nikampikia, nikamletea na kipande cha halua. Alipopokea kikombe akakishika bila kunywa, akanitazama.

"Binti, ujue nakunywa nini hapa. Mshenga akisha kunywa kahawa ya mtu mwenye haja, mdomo wake si wake tena. Ni wa mwenye kahawa. Sitakukataa, sitakugeuka, sitasema neno la kukuharibia mpaka shughuli yako iishe. Ndivyo alivyonifundisha baba yangu. Naye aliwahi kukosea, akanywa kahawa ya wanaume wawili waliomtaka mwanamke mmoja."

"Ikawaje, babu?"

"Alihamia Pemba."

Akanywa, akanirudishia kikombe. Tukawa tumeshafungana.

Niliona ni kichekesho kikubwa sana. Jioni ile ile nikampigia simu shoga yangu Yudith, nikamsimulia neno kwa neno, kanzu, kahawa, Pemba, yote. Yudith ni binti wa Kisambaa, Mlutheri wa Lushoto, nimesoma naye miaka miwili dawati moja. Sasa ameajiriwa kwenye steshenari moja pale Ngamiani, Barabara ya Nane, na ndiye aliyenichapia maombi yangu yote saba kwenye kompyuta ya dukani, kwa anwani na simu ya duka. Alicheka. Akaniuliza, "Kwa hiyo yeyote atakayempa kahawa?" Nikamwambia, "Yeyote!" Tukacheka tena.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Walinisema mimi, ila sikuwa nimezaliwa bado.

Turudi sebuleni. Mzee Sabiri alikunja mikono ya kanzu. "Haya. Waite mmoja mmoja. Wa kwanza nani?"

"Uchina, babu."

"Nasaba yake?"

"Chuo kikubwa, mitambo mipya. Ila mwaka wa kwanza mzima ni wa kujifunza lugha tu."

"Uchumba wa mwaka mzima bila ndoa? Na nani anabeba gharama?"

"Sisi."

"Mwache aende," akasema Shangazi, hata kabla ya mzee.

"Uturuki," nikasema.

Shangazi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Hapana! Tamthilia zao nimeziangalia zote. Kule mama mkwe ni adui, shemeji ni adui, na kila mtu analia mvuani. Hapana!"

"Shangazi, ni chuo. Hakina mama mkwe."

"Hujui utakachokikuta ndani. Mwingine!"

Ndivyo ilivyokwenda. Moroko alimpendeza Shangazi kwa dini, lakini masomo ni kwa Kifaransa, nami Kifaransa sijui hata kuombea maji. Mzee akatikisa kichwa. "Bwana asiyekuelewa mtagombana naye vipi? Na nyumba isiyo na ugomvi haina mazungumzo." India akaondoka kwa sababu mtoto wa jirani alisoma kule, akarudi hali nyama wala samaki. "Nimekukuza kwa samaki, papa na taa," Shangazi akasema kwa uchungu, "halafu miaka minne ukale dengu?"

Ujerumani nilimpigania kidogo. "Huyu hachukui ada, babu. Bure kabisa! Ila anataka kwanza uoneshe fedha ya chakula ya mwaka mzima, imefungiwa benki."

Mzee Sabiri alitafakari. "Hachukui mahari, lakini anataka kuona chungu chako kimejaa kabla hujaingia jikoni kwake. Huyo hakuamini, mjukuu wangu. Anakushuku ungali mlangoni."

Hata mimi sikuwa na chungu hicho.

Halafu Malaysia. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Malaysia ndiyo pekee iliyokuwa imekwisha kunikubali. Barua ipo. Walichotaka ni kiasi fulani cha kushikia nafasi, tena si kikubwa sana.

"Rudia," akasema mzee. "Nani atoe cha kushikia?"

"Sisi, babu."

"Kishika uchumba?"

"Kitu kama hicho."

Akaweka bakora yake chini. "Tangu nizaliwe sijasikia bibi harusi anampelekea bwana kishika uchumba. Leo atoe bibi harusi, kesho bibi harusi abebe ngoma. Mwondoe. Huyo hana adabu."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kupiga magoti. Sikusema, na niwaambie kwa nini: moyoni hawa wote sita sikuwa nawataka. Nilikuwa na wangu, nimemficha mwisho makusudi, kama mtoto anavyoficha mnofu chini ya ugali.

"Amebaki mmoja, babu. Ureno."

Mzee akanikazia macho.

"Ureno," Mzee Sabiri akasema polepole. "Wareno? Wale wa mizinga?"

"Hao hao."

"Waliotawala pwani hii kwa baruti? Waliowanyima babu zetu usingizi mpaka nao wakafukuzwa? Unataka niende nikamwambie marehemu baba yako kaburini kwamba Mreno tuliyemtoa kwa mlango nimempelekea binti yako kwa dirisha?"

Shangazi naye akatikisa kichwa. Nikaona chuo changu kinazama. Na hiki, wasomaji wangu, kilikuwa chuo hasa. Mji mdogo wa wavuvi. Maabara inayofundisha kugandisha samaki ndani ya meli, ndani ya gari, ndani ya kijumba kisicho na umeme wa uhakika. Na kila mwaka wanampunguzia ada nusu nzima mwanafunzi mmoja kutoka kila nchi ya mbali. Nusu ambayo vyumba viwili vya Ngamiani vingeiweza.

Hapo shetani wangu akaamka, yule mzuri.

"Babu," nikasema kwa adabu zote, "hivi utani wa makabila ulianzaje?"

"Ulianza kwa vita. Watu walipigana, wakauana, wakachoka. Wakaona heri wataniane. Mtoto gani wa Tanga asiyejua hilo?"

"Kwa hiyo waliopigana sana ndio watani wakubwa?"

"Ndiyo."

"Na Mreno sisi tulipigana naye?"

  Nikamwona anatafuta pa kutokea na hapaoni, na taratibu, kuanzia kwenye ndevu, tabasamu likaanza kupanda.

"Chiku," akamwambia Shangazi, "huyu mtoto ungemsomesha sheria." Kisha akapiga goti lake kwa kofi. "Mtani! Mreno ni mtani wetu, na tumekaa miaka yote hii hatujamdai chochote! Nimempitisha."

Nilimrukia mzee wa watu shingoni. Nilifurahi nusu ya kulia. Nikadhani nimemaliza.

"Kilichobaki," akasema akijinasua, "ni kuwajibu wale sita."

"Kuwajibu nini?"

"Kwamba umepata. Posa haikataliwi kwa kunyamaza. Mwanamke wa watu hawaweki wanaume sita kibarazani."

"Lakini Ureno bado hajanikubali, babu! Wamenipa mahojiano tu, Jumanne! Tungoje kwanza..."

"Ungoje nini? Uwe na mmoja chumbani na mwingine mlangoni? Sijawahi kufanya ushenga wa namna hiyo, na sitaanza na mtoto wa rafiki yangu." Akamtazama Shangazi, na Shangazi akasema neno lililofunga mlango: "Ukitaka kodi ya vyumba vyangu, fanya anavyosema mzee."

Jumanne tukaenda mjini watatu. Duka la Yudith dogo, mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, rafu ya madaftari, na feni inayozungusha joto lile lile. Yudith alikuwa amesuka nywele upya na amevaa blauzi nyeupe ya kanisani. Nikamtania, "Shoga, leo Jumapili?" Akatabasamu tu.

"Shikamoo, babu. Karibu kiti. Babu utakunywa kahawa?"

"Marahaba, binti. Wewe kweli umelelewa."

Niliona ni adabu. Naapa, niliona ni adabu. Kahawa ilikuwa tayari kwenye chupa, na tangawizi ndani, na kashata pembeni. Mzee akanywa cha kwanza, akaanza kunitamkia majibu ya vyuo sita, mimi nikayageuza kwa Kiingereza na Yudith akachapa.

"Andika: Tunashukuru kwa kutuona. Binti yetu amekwishapata. Si kwamba mna kasoro, ni riziki tu. Msivunjike moyo, Mungu atawapa mwingine."

"Babu, vyuo haviandikiwi hivyo."

"Vimezoea kuandikiwa ovyo. Andika."

Yudith alichapa. Kabla ya kutuma kila moja alinigeukia. "Hasina, una uhakika?" Uchina, una uhakika. India, una uhakika. Alipofika Malaysia aliondoa kabisa mkono kwenye kompyuta. "Hasina. Hiki kilishakukubali. Una uhakika?"

Nikamtazama Shangazi. Shangazi akatazama feni.

"Tuma," nikasema.

Akatuma. Mzee akapewa kikombe cha pili.

Haikupita dakika, Ujerumani akajibu. Ilikuwa ile barua inayojituma yenyewe, ya kusema ujumbe wako umefika. Nikamweleza mzee. Hakuniamini hata kidogo.

"Kajibu mara hii?" akasema kwa huruma. "Masikini. Kaumia."

Saa tisa alasiri Ureno wakapiga. Nilikaa mbele ya kamera. Kwenye kioo akatokea mama mmoja wa makamo, miwani usoni, profesa. Akanisalimia kwa Kiingereza chake kizito. Nikamjibu kwa changu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali duniani, isipokuwa kwa Mzee Sabiri kuingiza kichwa chake kati yangu na kamera.

"Mtani!" akamwambia profesa kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita ng'ambo ya mto. "Mlipotoka hapa mlikimbia hata mizinga mkaiacha! Mbona hamkurudi kuichukua? Mliogopa, eh?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilimvuta kanzu. "Babu, wallahi utaniua!"

"Tulia, ni utani. Mtani haudhiki."

Profesa aligeuka pembeni, kama mtu anayeuliza jambo. Akaingia kwenye kioo mwanamume mweusi mrefu, koti jeupe la maabara. Naye, jamani, akafungua kinywa akasema Kiswahili cha pwani.

"Asalaam aleykum, mzee. Mimi Momade, kwetu Msumbiji, Mosimboa. Huku nafundisha maabara. Swali lako nimemfikishia profesa."

Shangazi akashika kichwa. Mimi nikafumba macho.

"Anasema hawakuogopa watu. Waliogopa mbu wenu, maana wale ndio waliokuwa wanapigana. Na anasema mizinga hiyo ni amana, mmeipangusa vumbi?"

Mzee Sabiri alicheka mpaka akalazimika kukaa. Yudith akampa maji, na kwa kuwa alikuwa ameshasimama, akamjazia na kahawa.

Mzee alipotulia akarudi kwenye kamera, lakini safari hii hakuinua sauti. "Bwana Momade, tuache mzaha. Huyu baba yake alikuwa rafiki yangu. Mkimchukua, mtatazama anakula? Akiugua, kuna mtu atakayejua jina lake?"

Momade akatafsiri, na yule profesa akavua miwani. Akasema kuna nyumba ya wanafunzi, kuna daktari, na mlango wake mwenyewe uko wazi. Kisha akanigeukia mimi, akauliza swali moja tu. Kwa nini barafu?

Majibu yote niliyokariri yakaruka. Nikabaki na ukweli.

Nikamweleza kwamba Shangazi Chiku alikuwa mchuuzi wa samaki. Kwamba alijinyima akanunua friji kubwa, likafa. Likatengenezwa, likafa. Siku lilipokufa mara ya mwisho lilikuwa na samaki wa wiki nzima ndani, na aliwazika shambani kama mtu anayezika ndugu. Hakuchuuza tena. Friji lipo hadi leo, anatunzia kanga. Mimi nilikuwa mdogo, nikalifungua kwa kisu usiku na mchana nione limekufa wapi, na sikuona. "Ndiyo maana," nikasema. "Nataka kuona."

Nyuma yangu nilimsikia Shangazi akivuta kamasi. Hakuwa amejua kwamba kile kisu kilikuwa kwa ajili yake. Nami sikuwahi kumwambia, nilimwacha aniite mharibifu. Alinishika bega, akalibana mpaka likauma, na sikutaka aliachie.

Profesa na Momade wakazungumza kwa Kireno. Momade akarudi na meno nje. "Hasina, profesa amependezwa mno. Nafasi ya masomo unayo, hilo halina shaka."

Nikapiga kelele. Shangazi akapiga kigelegele, mtu wa duka la pili akaja kuuliza nani anaolewa.

"Ila subirini," Momade akasema, akikuna shingo. "Ile nusu ya ada ni kwa mtu mmoja katika kila nchi. Kutoka Tanzania mmebaki wawili. Jambo lililotushangaza ni kwamba nyote wawili mmeandika anwani moja. Barabara ya Nane, Ngamiani. Na namba ya simu moja."

Feni ikazunguka.

Sikugeuka mara moja. Niliitazama kwanza ile blauzi nyeupe kwenye kioo cha kompyuta, nyuma ya bega langu, kidogo tu pale pembeni. Ndipo nikageuka.

"Yudith?"

"Ndiyo," akasema.

"Ana mwenza!" Shangazi akapasuka. "Mwanangu ana mke mwenza kabla ya ndoa! Na mwenza mwenyewe ndiye aliyepika kahawa!"

"Yudith, wewe umenichapia maombi! Umenichapia na barua za kuwakataa wale sita!"

"Nilikuuliza kila mara kama una uhakika." Hakutazama chini. "Hasina, wewe ulikuwa na saba. Mimi naunguza siku zangu hapa nawachapia watu safari zao. Niliomba kimoja tu. Na niliomba kabla yako, ulipokuja kuniambia habari za Ureno nilikuwa nimeshatuma. Nilikuwa nangoja uchague kingine. Ulikuwa na vingine sita!"

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi mazuri, ya Kigombe hasa. Lakini yaligonga kwenye hilo neno sita yakarudi, kwa sababu wale sita nilikuwa nimewatupa mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na nilikuwa nikicheka.

"Bado tuko hewani," Momade akasema kwa upole kutoka kwenye kioo. "Sikilizeni, jibu tutatoa kesho jioni. Profesa anasema ninyi wawili mna alama sawa, na anapenda kusikia watu wa nyumbani wakimsemea mwombaji. Kwa Hasina tumemsikia mzee. Yudith tulipomhoji jana alituambia kwao ni mbali, ila msemaji wake naye atakuja leo. Amefika?"

Shangazi akaangalia mlangoni. Mimi nikaangalia mlangoni. Hakukuwa na mtu.

Yudith akapiga goti kidogo mbele ya kile kiti, kama wafanyavyo mabinti wa kwao kwa wakubwa. "Babu Sabiri," akasema, "nami sina wa kunisemea. Nimeambiwa wewe hujawahi kumkataa mtu uliyemnywea kahawa yake."

Aliyemwambia, wasomaji wangu, mnamjua.

"Babu," nikasema, "usijibu. Babu, nitazame mimi. Ulikunywa yangu kwanza!"

Mzee Sabiri hakunitazama. Alikuwa anatazama kikombe mkononi mwake. Kilikuwa cha tatu, na kilikuwa kitupu mpaka mashapo. Profesa alikuwa anangoja, Momade anangoja, Shangazi ameshika bakora ya mzee bila kujijua.

Akakiweka kikombe chini kwa uangalifu, akaniinamia sikioni.

"Mjukuu wangu," akanong'ona, "siku hizi boti ya Pemba inaondoka lini?"